Aliyeko Kisongo Ana Kijiji

Ndugu zangu wa Karatu na Ngorongoro, kwenye msiba hatuhitaji kufundishwa. Turubai linafika kabla ya jeneza, akina mama wameshagawana masufuria, na mtu mmoja amekaa mezani na daftari anaandika nani katoa nini. Harusi nayo ina kamati, ina mwenyekiti, ina mweka hazina mkali asiyesahau ahadi ya mtu. Lakini kijana wa jirani akikamatwa usiku na kupelekwa kituoni, ghafla kila mmoja wetu ana shughuli. Wapo wanaonong'ona kwamba lisemwalo lipo. Wapo wanaosubiri kwanza waone upepo unaelekea wapi. Mama yake anapanda basi peke yake.

Ombi langu ni kwamba tulibebe na hili pia. Sisemi kila aliye ndani ameonewa. Wengine wamekosa kweli, na waliowaumiza ni majirani zetu vilevile. Ninachosema ni kwamba, kwa sheria za nchi yetu zilivyo, njia nyingi za mtu kutoka rumande, au kutumikia adhabu bila kufungwa, au kurudi uraiani akatulia, zinapitia kijijini. Kijiji kikijificha, njia hizo zinabaki maandishi.

Tuanze na dhamana. Kwa makosa mengi, polisi wakimkamata mtu bila hati na wakaona hawawezi kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa amwachie kwa dhamana, isipokuwa kama kosa ni kubwa. Dhamana hiyo hailipiwi. Akifika mahakamani, masharti ya kawaida tunayajua: wadhamini wawili, wakazi wa hapa, wenye vitambulisho na barua ya mtendaji, wasaini hati ya kiasi kilichotajwa. Kusaini si kulipa. Mdhamini anaahidi kwamba mshtakiwa atafika kila tarehe atakayopangiwa. Akitoroka, ndipo mdhamini anaweza kudaiwa kile alichosaini. Watu wanaogopa, na wana haki ya kuogopa. Dawa ya hofu hiyo ni kutomwachia mtu mmoja mzigo. Mdhamini mwenye ukoo, kanisa, msikiti au kikundi cha vikoba nyuma yake anajua kuna macho mengi yanayomwangalia mshtakiwa, na mshtakiwa naye anajua.

Mfikirie kibarua wa vitunguu kule Mang'ola, aliyetoka Singida au Kondoa kufuata msimu. Amegombana na mtu kilabuni, amekamatwa. Ndugu zake wa damu wako mbali, mwajiri anamjua kwa jina la utani tu, na ofisi ya kijiji haina jina lake kwenye rejesta. Kosa lenyewe pengine lingeishia kwenye faini. Lakini kwa kukosa watu wawili wenye vitambulisho, anasota rumande hadi hukumu, na msimu umeisha. Wakulima wa Mang'ola, huyu ni mtu wenu. Jasho lake liko kwenye magunia mliyouza. Mwandikisheni kijijini siku anayofika, siku ya shida asiwe mgeni.

Na kwa watendaji wetu, niseme kwa heshima zote. Barua ya utambulisho ni wajibu wa ofisi. Mzazi ambaye hajalala kwa ajili ya mwanawe asiambiwe arudi kesho kwa sababu aliyeshika mhuri ameenda mnadani.

Yapo makosa ambayo sheria imefunga kabisa mlango wa dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na mengine. Mei 2020 Mahakama Kuu ilikubaliana na hoja ya mlalamikaji Dickson Sanga kwamba kuufunga mlango huo moja kwa moja ni kinyume cha Katiba. Agosti 5 mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Huku kwetu pembezoni mwa hifadhi tuna pia kesi za nyara za serikali, ambazo mara nyingi huambatana na Sheria ya Uhujumu Uchumi. Vijana wengi hawajui kwamba nyama ya porini nayo ni nyara, kwamba thamani yake huhesabiwa kwa mnyama mzima na si kwa kipande ulichokutwa nacho, na kwamba chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 kifungo kinaweza kufika miaka 20 na kuzidi. Hilo lisemwe mashuleni, lisemwe kwenye ibada na kwenye mikutano ya rika, kabla kijana hajashawishika kwa mafungu mawili ya nyama.

Tumeshaona kwa macho yetu kesi isiyo na dhamana inavyomla mtu siku. Juni 10, 2022, wakati wa kuweka mipaka ya eneo la kilomita za mraba 1,500 kule Loliondo, askari polisi aliuawa na wananchi wakajeruhiwa. Viongozi na wananchi, madiwani wakiwemo, wakafikishwa mahakamani Arusha kwa shtaka la mauaji, baadhi yao wakiwa wamekamatwa siku moja kabla ya mauaji yenyewe. Kesi ikapigwa kalenda, ikapigwa tena, hadi Novemba 22 Mkurugenzi wa Mashtaka alipoliondoa shtaka na watu 24 waliokuwa wamebaki wakaachiwa. Ni zaidi ya miezi mitano. Familia ya askari yule nayo haikupata kwenye kesi hiyo jibu la nani aliyemuua. Katika miezi yote hiyo sioni ni nani aliyetendewa haki.

Na wale angalau majina yao yalitajwa magazetini na mawakili walijitokeza. Mchunga mifugo wa Malambo anayeshtakiwa peke yake hana bahati hiyo. Kila baada ya siku 14 anapandishwa karandinga, anaambiwa asijibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri lake, anaambiwa upelelezi bado, anarudishwa. Kutoka Loliondo hadi Gereza Kuu la Arusha, ambalo wote tunaliita Kisongo, ni zaidi ya kilomita 300. Kutoka Karatu ni kama 140. Nauli ya kwenda na kurudi, mara mbili kwa mwezi, ni mbuzi baada ya mbuzi, na zizi la mjane halina mbuzi wengi. Hapo ndipo mchango unapohitajika: mtu mmoja wa kwao awepo mahakamani kila tarehe. Hakimu anapoinua macho aone mshtakiwa huyu ana watu. Mpelelezi ajue kuna anayehesabu siku. Na mshtakiwa apate habari za nyumbani, kwamba mtoto aliyekuwa anaumwa amepona.

Msaada wa sheria upo, ila wengi hatujui pa kuugonga. Mwaka 2015 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapohapo Arusha, ilitoa hukumu katika shauri la Alex Thomas, Mtanzania aliyekuwa akitumikia miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Mahakama ilisema haki yake ya kusikilizwa ilivunjwa, na moja ya sababu ni kwamba alishtakiwa kwa kosa zito namna ile bila kupewa wakili. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, ambayo iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria: watu wa kawaida, mwalimu mstaafu, mama wa kikundi, kijana aliyemaliza kidato cha nne, waliopata mafunzo na kusajiliwa, wasiotoza wananchi pesa. Malawi walianza kuwaingiza watu wa namna hiyo magerezani tangu mwaka 2000, wakikaa chini na mahabusu kumweleza kesi yake imefika wapi na aombe nini siku atakapopandishwa kizimbani. Kata zetu zina vijana waliosoma na wamekaa bila kazi. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri ndiyo pa kuanzia kuuliza.

Sasa niseme jambo ambalo kwa wilaya zetu mbili lina uzito wake wa pekee. Hapa kwetu lugha ni nyingi mno kwa eneo moja. Wairaqw wanasema lugha ya Kikushi, Wamaasai na Wadatoga za Kinailoti, Wasonjo wa Digodigo ya Kibantu, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wana lugha ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu duniani. Watalii wanalipa kuja kuzisikia. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama badala ya Kiingereza, na kwa Watanzania walio wengi huo ulikuwa ukombozi. Lakini bibi wa Endulen au mzee wa Kihadzabe anakielewa Kiswahili cha dukani. Kiswahili cha maelezo ya onyo ni kingine. Anasomewa ukurasa, anaulizwa kama ni sahihi, anaitikia kwa adabu kama anavyomwitikia kila mkubwa, anaweka dole gumba. Miezi kadhaa baadaye karatasi ile inasomwa mahakamani kama ungamo lake.

Sheria inampa mshtakiwa haki ya mkalimani. Mkalimani anatoka wapi kama si kwetu? Walimu wa shule za msingi mnaojua Kidatoga, vijana wa Yaeda na Mang'ola mliokua na watoto wa Kihadzabe, akina dada mnaofanya kazi hospitali za Wasso na Endulen na kutafsiri kila siku kati ya daktari na mgonjwa: nendeni mkajitambulishe mahakamani na kituo cha polisi. Semeni lugha mnazozijua na simu zenu ziandikwe. Jambo moja tu: atakayetafsiri asiwe shemeji wa mlalamikaji, na asiwe wa mshtakiwa. Atafsiri alichosikia, hata kama hakimpendezi.

Tukija kwa wale waliokosa kweli, hapa ndipo ninapotamani kijiji kifumbue macho zaidi. Tangu 2002 tunayo Sheria ya Huduma kwa Jamii. Mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu anaweza, badala ya kwenda kufungwa, kuamriwa afanye kazi ya umma bila malipo huku akilala kwake: kufagia zahanati, kupanda miti, kusaidia ujenzi wa darasa. Shamba lake linalimwa. Watoto wake wanamwona jioni. Lakini hakimu hafanyi hivyo kwa kubahatisha. Anamtuma afisa probation aje kijijini kuandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii, na afisa huyo anauliza watu: mwenyekiti, majirani, familia, na aliyekosewa. Mtu huyu ana makazi? Ana tabia gani? Akirudi kwenu mtampokea?

Unaona uzito ulipo. Swali hilo linaulizwa barazani kwako, si Dodoma. Na mara nyingi tunalijibu kwa mkato: mpelekeni tu, ametuchosha. Wakati mwingine hilo ndilo jibu la haki. Mara nyingine tunampeleka kijana wa miaka 20 aliyeiba kuku wawili akalale na watu waliobobea, kisha tunashangaa alivyorudi. Basi afisa akija, tukae naye. Tumweleze ukweli wote, mabaya na mazuri, na tuseme sisi wenyewe tuko tayari kufanya nini. Wakuu wa shule na waganga wafawidhi, adhabu hii inahitaji mahali pa kufanyiwa kazi na mtu wa kusimamia. Mkikubali kumpokea mmoja, mmemtoa mmoja gerezani. Kwa miaka mingi karibu nusu ya walio katika magereza yetu wamekuwa mahabusu ambao bado hawajahukumiwa, na msongamano huo unamrudia kila mtu, askari magereza akiwemo.

Wazee watasema haya tulikuwa nayo kabla ya boma la Mjerumani. Wana haki. Kimila, kwa Wamaasai damu ya mtu ilifidiwa kwa ng'ombe 49, na koo mbili zikakaa, zikasemezana, ulipizaji kisasi ukakoma. Miongoni mwa Wadatoga wanawake walikuwa na baraza lao lenye nguvu ya kumtoza faini mwanamume aliyewakosea. Maarifa ya kusuluhisha tunayo, na kesi za mipaka ya mashamba, mifugo iliyoingia shambani, matusi na ngumi za kilabuni zingeishia hapo bila kufika polisi. Lakini kuna mahali mti wa kivuli lazima ukae kimya. Binti aliyebakwa asimalizwe kwa ndama wawili waliokabidhiwa baba yake. Mke aliyevunjwa mkono, mtoto aliyekeketwa: hayo ni ya dola. Tukiyaficha chini ya jina la mila tutakuwa tumepoteza haki ya kuongea juu ya haki nyingine zote.

Waliobaki nyumbani je? Mume akifungwa, kuna shemeji anayeanza kupima shamba kwa macho. Ng'ombe wanahamishwa boma kwa kisingizio cha kuwatunza. Ada ya shule ya msingi na sekondari imefutwa, tunashukuru, lakini sare ipo, madaftari yapo, na mchango wa chakula cha mchana haujui kama baba yuko Kisongo. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa debe la mahindi, naye anahesabiwa kifungo ambacho hakuna hakimu aliyekitoa. Halmashauri ya kijiji ina kamati ya huduma za jamii. Kamati hiyo iwe na orodha ya kaya zenye mtu mahabusu au gerezani, iilinde ardhi ya kaya hizo, na imwambie mwalimu mkuu jambo hilo kwa siri, bila kutangaza mbele ya darasa.

Viongozi wa dini hawahitaji kusukumwa sana na mimi. Mathayo 25 inamtaja mfungwa pamoja na mwenye njaa na mgeni. Sura ya Al-Insan inamtaja mateka sambamba na masikini na yatima. Kwaya zinazokwenda kuimba gerezani wakati wa Krismasi ni jambo jema. Naomba ziende na Machi, wakati hakuna sikukuu, na zibebe sabuni.

Kisha kuna siku ya kutoka. Aprili 26, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alitoa msamaha kwa wafungwa 5,001. Wengine waliachiwa siku ileile na wengine wakapunguziwa. Desemba 9, 2019, mtangulizi wake, John Magufuli, alisamehe 5,533. Siku hizo tunapiga makofi mbele ya redio. Mmoja wao anaposhuka stendi ya Karatu na mfuko wa plastiki, makofi yameisha. Pengine amejifunza useremala, au kushona viatu kama vinavyotengenezwa na wafungwa wa Karanga, Moshi. Akiomba kazi kwenye hoteli zetu za kitalii anaulizwa cheti cha polisi, na mazungumzo yanaishia hapo. Wenye hoteli na kampuni za utalii, sisemi mumkabidhi funguo za sefu. Kuna bustani, kuna karakana, kuna ujenzi. Na vikundi vya vijana vinavyoomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri viwakumbuke hawa kabla wale wanaonunua mali za wizi hawajawakumbuka. Aliyemkosea mtu aende kwanza kwa aliyemkosea, akiwa na mzee wa kumsindikiza. Bila hatua hiyo, kumkaribisha kwetu kunakuwa tusi kwa mwenzetu aliyeumizwa.

Serikali nayo ina deni. Januari 31, 2023 Rais alizindua tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai 15 mwaka huo ilikabidhi taarifa yake Chamwino. Ilisema mengi mazito, likiwemo pendekezo la kuligeuza Jeshi la Polisi kuwa chombo cha kutoa huduma. Mwaka mmoja kabla yake, sheria ilishabadilishwa ili mtu asifikishwe mahakama za chini kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Madiwani na wabunge wetu waulizwe hadharani: katika wilaya hizi mbili sharti hilo linafuatwa? Maafisa probation wako wangapi, na wana usafiri wa kufika Kakesio au Matala? Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wako kata zipi? Anayeuliza hayo haingilii uhuru wa mahakama.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Ujao, usikae nyuma. Nyosha mkono, omba iandikwe ajenda moja: wenzetu walio rumande na gerezani. Majina yao yatajwe, tarehe za kesi zao zitajwe, wajitokeze wawili wa kuwadhamini wanaodhaminika, mmoja wa kwenda mahakamani na mmoja wa kuipitia familia. Mtendaji aandike kwenye muhtasari, na mkutano utakaofuata aulizwe kilichofanyika.